Koti Walilolalia Mbwa wa Jirani

Nyumba yetu iko mwisho wa njia. Ukiacha barabara ya lami unapanda kilima kwa miguu, unapita duka, unapita kanisa letu, unapita kwa jirani yangu, halafu ndipo unafika kwetu. Njia nyingine hakuna, ila kwa mtu anayetaka kupanda kutoka bondeni kwa mikono na magoti. Kwa hivyo kila aliyewahi kuja kunisalimia, tangu nistaafu ualimu tukahamia hapa Kilungu, amepita kwanza mbele ya mbwa watatu wa jirani.

Nitawaeleza hao mbwa kwa haki, maana sasa hasira imepungua. Hawakuwahi kumuuma mtu. Walifugwa wafukuze tumbili kwenye maparachichi na mahindi, na kazi hiyo waliifanya vizuri. Shida ni kwamba wakishamaliza tumbili waligeukia Wakristo. Walimtoka mgeni wote watatu, wakamzunguka, wakabweka mpaka mwenye mbwa atoke awaite. Na mwenyewe, mzee mjane aliyetumia miaka yake yote kwenye mashine ya kusaga unga, alikuwa na masikio mazito, kwa hivyo alitoka akitaka.

Mchungaji wetu aliwahi kupanda mparachichi akiwa na Biblia kwapani, na akaniombea kutoka huko huko juu. Kina mama wa kanisa walikuja kunitembelea na sufuria ya chapati, ikafika sufuria. Mimi nilikuwa na daftari. Kila walipobweka niliandika siku, saa na jina la aliyebwekewa, kama nilivyoandika zamani wanafunzi waliochelewa.

Kuna kelele moja tu ambayo sikuiandika. Binti yetu wa pekee alikuwa karani mjini Wote, na kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani. Mbwa wale walimjua tangu wakiwa vitoto. Wakimwona kwenye kona ya kanisa, walitoa mlio mwembamba wa furaha, wakirukaruka na kugongana wenyewe kwa wenyewe. Nikiusikia tu, naweka chai jikoni. Akifika mlangoni kikombe kiko mezani, na kila mara aliuliza nimejuaje.

Alipofika miaka thelathini na mitatu nilikuwa sijamuuliza lolote kuhusu kuolewa, lakini nilikuwa nimeomba sana. Basi akapatikana kijana. Mpole, ana kazi, na anatoka Tulia, upande wa Kitui. Nilipomwambia mume wangu neno Kitui, alikohoa. Sisi Wakamba wa Makueni tumezoea kusema kwamba uchawi wenyewe uko Kitui. Wa Kitui nao husema uko kwetu, na Wakenya wengine wote husema uko kwetu sote. Mimi nimeokoka na mambo hayo siyaogopi. Hata hivyo, na mimi nilikohoa kidogo.

Baba mkubwa wa kijana, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao, alikuja na mwenzake kutafuta siku ya ntheo. Mbwa wakawapokea. Mwenzake alikimbilia bondeni akaacha kiatu. Baba mkubwa, mtu mzima mwenye koti la heshima, aliteleza akaketi kwenye mtaro wa maji, na akakaa humo mpaka jirani alipomaliza kuoga. Hawakufika kwangu. Walirudi dukani, wakanywa soda, wakanipigia simu kutoka huko, mita mia tatu kutoka mlangoni pangu.

"Mwalimu," akasema baba mkubwa, "sisi tutakuja Jumamosi, wiki mbili kutoka sasa, na mbuzi tatu, vile inatakikana. Lakini hizo mbwa zikitutoka tena, mbuzi zitarudi Tulia na sisi pia tutarudi. Hatukuji mara ya tatu."

Kwa asiyejua, mbuzi hao ndio ntheo yenyewe. Unaweza kufunga harusi kanisani na keki ya ghorofa tano, lakini kama mbuzi hawajafika kwa baba yako, mmoja akachinjwa, na pande mbili zikala pamoja, kwetu wewe bado ni msichana wa nyumbani aliyechelewa kurudi. Binti yangu alikuwa ameshapanga harusi ya Desemba. Nilimwona usiku ule akikunja na kukunjua kitambaa kimoja cha meza, na moyo ukaniuma. Kesho yake asubuhi nilichukua daftari nikaenda kwa jirani.

"Mutui," nikamwita kwa Kikamba, yaani jirani, kwa sauti ya kusomea tangazo uwanjani, "mbwa wako wanataka kumzuia mtoto wangu kuolewa!"

"Kwani wamesema nini?" akauliza.

"Wamebweka!"

"Sasa Mwalimu, mbwa asipobweka unataka afanye kazi gani? Afundishe hesabu?"

Nikamsomea daftari, kurasa kumi na moja. Alisikiliza mkono ukiwa sikioni, na nilipomaliza alisema amesikia nusu, na hiyo nusu haikuwa mbaya.

Nikampeleka kwa mzee wa kijiji. Naye akaitisha kikao uani kwa huyo huyo jirani, kikafunguliwa kwa maombi, na kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kila kikao kilimani hapa, nikaambiwa niandike kumbukumbu. Nikaandika kesi yangu mwenyewe. Niliisoma tena juzi, nikakuta mlalamishi ametajwa humo kama "mama mwenye subira". Watuhumiwa walihudhuria. Walilala chini ya meza, na kwa saa mbili nzima hawakubweka hata mara moja, jambo lililoniharibia ushahidi.

Kikao kikaamua mbwa wafungwe kamba mchana, kwa majaribio. Wakafungwa siku moja. Walilia kutwa nzima, na tumbili, walipoona kwamba sheria imelegea, walishuka wakavuna maparachichi. Walianza na yangu. Jioni ile nilikwenda mwenyewe kuwafungua.

Ndipo jirani akatoa wazo. Alisema mbwa habwekei mtu ambaye harufu yake ameizoea. Mama wa maziwa hawambwekei. Binti yangu wanamshangilia. "Niletee nguo za hao wageni wako," akasema. "Kila mtu moja. Nitawatandikia hawa walalie wiki moja. Jumamosi wageni wakifika, wataonekana ni watu wa nyumbani."

Lilikuwa wazo zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa zuri. Nilimpigia simu mama wa kijana, nikamwomba nguo nne zilizovaliwa za wazee wanne watakaotangulia na mbuzi. Nilimweleza kwa ufupi kwamba ni kwa ajili ya mbwa. Akasema sawa, akakata. Siku mbili baadaye mfuko ukashushwa barabarani, mwenye duka akanipandishia.

Sasa hebu niambie, ni mama gani wa Kikamba atakayewatumia wakwe nguo chafu? Zile nguo zilikuwa zimefuliwa kwa sabuni ya unga yenye manukato, zikapigwa pasi na kukunjwa kwa ukubwa wake, na juu ya zote, likiwa limefungwa vifungo vyote, koti la baba mkubwa. Jirani aliliinua puani.

"Mwalimu, hii inanukia maua," akasema.

"Wewe tandika," nikamwambia. Zilibaki siku saba na sikuwa na subira ya kuagiza uchafu mwingine.

Ambalo sikulijua ni kwamba mama wa kijana alilichukua lile koti kwenye msumari bila kumwambia mwenyewe. Baba mkubwa alilitafuta siku tatu. Ya nne akaambiwa limekwenda Makueni, kwa mama mkwe mtarajiwa. Simu yake ilinikuta nikipukuchua mahindi ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa.

"Mwalimu, habari ya huko. Koti yangu iko wapi?"

Nimefundisha watoto miaka thelathini kusema ukweli. "Iko kwa jirani, baba," nikasema.

"Jirani anaifanyia nini?"

"Haifanyii kitu. Ni mbwa wameilalia."

Nikasikia majogoo wa Tulia wakiwika nyuma yake.

"Watailalia mpaka lini?"

"Siku saba tu."

"Kwa nini saba?"

Ilikuwa wiki, basi. "Ni wakujue," nikasema. "Wajue harufu yako, ukifika wanyamaze."

Simu ikakatika, na si mtandao ulioikata.

Nilibaki na lile hindi mkononi, na polepole nikasikia nilichosema kama alivyokisikia yeye. Mama mkwe ameomba nguo za wazee wanne. Ameziweka siku saba. Kuna wanyama. Na mwisho wake kuna kunyamaza. Hata mimi, kama ningeambiwa habari hiyo ya mtu mwingine, ningehama.

Jioni binti yangu alipiga akilia. Huko Tulia walikuwa wamekaa kikao, na nusu ya ukoo walisema hiyo ni kamuti, ndio uchawi wa nguo na nywele unaotungiwa hadithi kila mahali. Kijana wake aliwapigia magoti. Hatimaye walikubali kuja, ila kwa masharti. Wataleta mbuzi, watasema maneno, watachukua koti lao na kuondoka. Hawatakula kitu nyumbani kwangu. Hata maji ya kunywa watabeba yao, kwenye mtungi, kutoka Tulia.

"Mwaitu," aliniambia, kama tunavyowaita mama zetu, "wasipokula, si itakuwa hawakukuja?"

Ndivyo hasa ingekuwa. Na nitasema wazi nilivyojisikia: niliaibika, halafu niliogopa, halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyoumbwa, nilikasirika. Nilikasirika Alhamisi yote na Ijumaa yote. Mume wangu alihamishia kiti chake kwenye zizi la ng'ombe.

Jumamosi tuliwatazamia saa sita. Wageni wa ntheo hawajawahi kufika kwa wakati tangu dunia iumbwe, kwa hivyo nilihesabu saa nane. Saa tatu asubuhi nilikuwa jikoni nikiwa na viatu vya mpira na kitambaa cha kazi kichwani, napika muthokoi na kumweleza mume wangu maoni yangu. Yeye alikuwa nje akinoa kisu. Ilibidi nipaze sauti.

"Maji!" nikasema. "Maji kutoka Tulia! Watu wanaopanga foleni na punda kutafuta maji ndio wanaoniletea mimi maji hapa Kilungu, ambako chemchemi inapita nyuma ya jiko! Na uchawi! Watu wa Kitui! Watu ambao mama yangu alituambia tusiokote hata peni njiani kwao! Mimi, nimefundisha Sunday School miaka ishirini na sita, nitafute nguo ya mzee nimlishe mbwa? Kama ningekuwa na uchawi ningeupoteza kwa koti? Ningeanza na jirani! Waje. Waje wakatae kula. Mimi nitafunga huo mlango, nikae hapo na mwiko, na hakuna mtu atatoka hapa bila kushiba!"

"Na muthokoi pia tutakula?" ikauliza sauti nyuma yangu.

Niligeuka. Kwenye kigoda changu cha kukamulia, mlangoni mwa jiko, alikuwa ameketi bibi mzee sana, kitambaa cheupe kichwani, mikono juu ya fimbo. Nyuma yake walisimama wazee wanne, kina mama sita, kijana mwenyewe akitazama chini, na mbuzi watatu. Mbuzi mmoja alikuwa ameshaanza kula mboga zangu.

Hawakubwekewa. Hilo ndilo lililonipata. Mbwa niliowashtaki, nikawaandikia kurasa kumi na moja, walikuwa wamewaona wageni kumi na wawili kwenye kona ya kanisa, wakawanusa, wakageuka na kuwasindikiza mpaka kwangu kimya kimya kama mashemasi wa kupokea sadaka. Mama wa kijana alikuwa amewafulia wote nguo za siku ile kwa sabuni ile ile. Kwa mbwa wa jirani, ukoo mzima wa Tulia ulinukia kitanda chao. Na kwa sababu hakuna aliyebweka, hakuna aliyenionya.

"Mmefika lini?" nikauliza.

"Kwa maji," akasema baba mkubwa.

Yaani walikuwa wamesikia punda. Walisikia peni. Nilitafuta mahali pa kuuweka mwiko nikakosa, nikabaki nao mkononi. Binti yangu alikuwa ametokea upande wa nyumba, na uso wake sitausahau. Nilifikiri: basi, nimemharibia mtoto maisha kwa mdomo wangu, na wala si kwa mbwa.

Yule bibi, nyanya wa kijana, alinitazama kutoka viatu vya mpira mpaka kitambaa. Kisha akaanza kutikisika mabega, na nilidhani ni hasira mpaka nilipoona hana meno na anacheka.

"Mimi nimezeeka," akawaambia watu wake. "Wachawi nimewaona, na nimekaa nao kijiji kimoja. Mchawi anaongea polepole. Anakuita mtoto wangu, anakukaribisha, anakuchekea. Huyu mama ametutukana tangu kwa lango, na hajui hata tuko. Huyu hana kitu amebakisha kwa roho. Leteni sahani."

"Lakini Susu," mmoja wa wazee akaanza, akimwita kwa heshima ya nyanya, "tulikubaliana..."

"Nyinyi mlikubaliana. Mimi nilikuwa nimelala. Sahani!"

Akala wa kwanza, kwa mkono, palepale jikoni, akaomba chumvi. Baada yake hakuna aliyethubutu kukataa. Mbuzi mmoja alichinjwa, maneno yakasemwa kama yanavyosemwa, na mtungi wa maji ya Tulia ukanyweshwa wale mbuzi wawili waliobaki. Jirani alikuja amevaa tai. Alikabidhi koti kwa mikono miwili, likiwa na manyoya ya rangi tatu, na bibi akamwamuru baba mkubwa alivae hapo hapo. Siku nzima mbwa hawakumwacha. Alipoketi waliketi, alipokwenda chooni walimngoja nje, na alipoinuka kutoa hotuba mmoja alimlalia kiatu.

"Nilikwambia," jirani akaniambia sikioni, kwa sauti iliyosikika na wote. "Harufu!"

"Ni sabuni," nikasema.

"Eh?"

"Nasema asante!"

Harusi ikafanyika Desemba, na binti yangu akaenda Tulia. Mimi nikafunga lile daftari nikalitia chini ya godoro. Mbwa waliendelea na kazi. Waliwabwekea mchungaji, kina mama na mtu wa kusoma mita, na mimi niligundua kwamba sikereki tena kama zamani. Mwisho wa mwezi ulipofika nilijikuta nasimama uani mchana, nikitazama kona ya kanisa.

Alikuja mara ya kwanza mwezi wa Aprili. Nilijua anakuja, ila si saa ngapi, na sikuwa na wasiwasi, maana niliamini nitamsikia. Nilikaa nikachambua maharagwe. Kulikuwa kimya. Nikachambua mengine. Halafu mkono ukagusa bega langu, na niliruka mpaka ungo ukamwagika, na alikuwa yeye, amesimama nyuma yangu na mfuko wake, na mbwa watatu wametulia miguuni mwake kwa adabu.

"Hawakulia?" nikamwuliza.

"Hapana, Mwaitu. Walininusa tu, wakanisindikiza."

Nilimkumbatia. Nikaiweka pua shingoni mwake, hapo nilipokuwa nikimnusa tangu akiwa mchanga, na nikasikia yale maua. Alinukia kama koti la baba mkubwa. Mbwa hawakukosea. Alikuwa mgeni kutoka Tulia, wa ukoo ule, na wakampokea hivyo. Nilimshikilia muda mrefu kuliko kawaida, na nililia kidogo, na nikasema ni moshi, ingawa moto haukuwa umewashwa.

Akaangalia meza. "Leo hakuna chai?" akauliza akicheka.

Nikawasha moto. Alikaa siku tatu, akatuambia habari za huko, na kwamba Susu huulizia kila jioni yule mama wa mwiko hajambo. Siku ya kuondoka nilimfungashia maparachichi, maharagwe na ndizi. Chini kabisa nikaweka vipande vitatu vya sabuni yetu ya mche, ile ya buluu ya kila siku, isiyonukia chochote.

Alivikuta alipokuwa akipanga mfuko upya. "Mwaitu, Tulia kuna sabuni," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Beba."